Pikipiki ya Uwanjani na Barabara ya Awasi



Wengi wenu mlioko Mombasa, Malindi na Lamu mwaijua Ahero kwa mchele wake tu. Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, na mwaka huu ni wa 11 tangu nitie nanga hapa, katika Uwanda wa Kano, mwendo mfupi mashariki ya Kisumu, nikiendesha kinu kidogo cha kukoboa mpunga. Hapa ndipo barabara itokayo Kisumu inapogawanyika: mkono mmoja huelekea Kisii, na mwengine hupita Awasi kwenda Kericho hadi Nairobi. Uwanda huu ni tambarare kama sinia. Barabara ya Awasi hunyooka mbele ya macho, na mwenye kupenda mwendo haipiti bila ya kushawishika.

Nami napenda mwendo. Nina umri wa miaka 46, nina mke na watoto wanne, na kwa muda wa miezi mitatu nilibeba katika simu yangu picha ya pikipiki moja ya buluu, Yamaha R1, iliyokuwa ikiuzwa Nairobi kwa shilingi 1,400,000. Fedha nilikuwa nazo. Zilikuwa za jasho langu, zimetolewa zaka, wala hazikuwa na deni la mtu. Kwa hiyo swali halikuwa kama naweza kuinunua. Nilidhani swali ni kama yafaa, na nilikuwa na majibu mengi mazuri.

Mapenzi haya yalianzia Doha. Kama vijana wengi wa Pwani, nilikwenda Ghuba kutafuta riziki, na kwa miaka mitatu nilikuwa dereva huko. Kaskazini ya mji huo kuna uwanja wa Losail, uliofunguliwa mwaka 2004, wenye mzunguko wa kilomita 5.38 na kona 16. Tangu mwaka 2008 mashindano ya dunia ya pikipiki yamekuwa yakifanyika hapo usiku chini ya mataa makubwa. Rafiki yangu Mhindi alinipeleka kutazama. Niliona watu wakiilaza pikipiki hata goti likasugua lami, kisha wakaiinua na kuondoka kama mshale. Sikulala usiku ule. Niliporudi nyumbani, nilirudi na fedha kidogo na tamaa hii.

Yafaa nieleze chombo chenyewe, kwa kuwa wengi huona pikipiki zote ni sawa. Boxer ya bodaboda, ile ichukuayo abiria wawili na gunia la mchele, ina nguvu za farasi zipatazo 12. R1 ina injini ya cc 998 na nguvu za farasi zipatazo 200, na uzito wake wote ni kama kilo 200. Yaani kila kilo ya chuma ina farasi wake. Ikiwa bado katika gia ya kwanza huvuka kilomita 120 kwa saa, na gia nyingine tano hazijaguswa.

Hoja yangu mbele ya mke wangu ilikuwa hii: sinunui ya barabarani, nanunua ya uwanjani. Na hoja hiyo ina haki yake. Uwanjani wote huelekea upande mmoja. Hakuna lori la miwa, hakuna mbuzi, hakuna mtoto arukaye mfereji. Waendeshaji hugawanywa kwa makundi kulingana na ujuzi wao na kuingia kwa zamu za dakika chache. Kila mmoja huvaa helmeti kamili, suti ya ngozi, glavu, viatu virefu na kinga ya uti wa mgongo, na gari la wagonjwa husubiri kando. Mtu mwenye kiu ya mwendo, akiinywa pale, hurudi barabarani ametulia. Nilimweleza haya yote jioni moja baada ya chakula, naye alisikiliza bila ya kunikatiza.

Nilipomaliza akasema, "Baba watoto, sikukatazi. Nunua. Lakini ikiwa ni ya uwanjani, basi na iwe ya uwanjani. Taa zing'olewe, vioo ving'olewe, na usiichukulie bima ya barabarani. Iende juu ya pikapu na irudi juu ya pikapu."

Ilikuwa shauri la haki kabisa. Ndivyo wafanyavyo wengi waendao viwanjani. Na sheria yetu, Sura ya 405, haikiruhusu chombo cha moto kuingia barabarani bila ya bima ya kumlinda mtu wa tatu, kwa hiyo sharti lake lingenifunga kwa kamba mbili. Mtu mkweli angejibu, "Nimekubali." Mimi nilinyamaza. Nilisema nitafikiri, nikatoka nje nikakaa barazani, na hapo nikajua kwamba sikuwa nimemwambia ukweli, wala sikuwa nimejiambia mwenyewe.

Hesabu ilikuwa mbele yangu siku zote. Kutoka Ahero hadi Athi River, ambako rafiki yangu alikuwa akienda kuendesha, ni safari ya kilomita zinazokaribia 350. Kwa kazi yangu na familia yangu, ningefika huko mara tatu au nne kwa mwaka. Siku nyingine zote R1 ingekaa hapa bandani pamoja na mafuta yake na ufunguo wake, na barabara ya Awasi mlangoni. Uwanja ulikuwa jina tu la kuombea ruhusa. Nilichotaka ni barabara ile, alfajiri, ikiwa tupu.

Na barabara ile si tupu. Hili nalijua kwa sababu ambayo sikuwa nimemweleza mtu yeyote mpaka mwaka huu.

Mwezi wa Machi mwaka jana, baada ya sala ya alfajiri, nilitoka na pikipiki yangu ya zamani, ya cc 250. Kulikuwa na ukungu mwembamba juu ya mashamba ya mpunga. Nilikaza mkono wa mafuta hata mshale ukafika 120. Kwa mwendo huo, sekunde moja ni mita 33. Mzee mmoja alitokea upande wa mfereji akimvuta ng'ombe kwa kamba. Alikuwa kesha fika katikati ya njia nilipomwona. Nilishika breki, gurudumu la nyuma likayumba kama mkia wa samaki, nikapita baina ya ng'ombe na ukingo wa lami, mahali ambapo hata sasa siamini kwamba palinitosha. Niliposimama mbele na kugeuka, mzee aliinua fimbo yake. Nilidhani ananilaani. Alikuwa akinisalimia. "Oyawore," akasema, kama mtu amwamkiavyo jirani yake, akaendelea na safari yake. Hakuwa ameona hatari yoyote. Uhai wake ulikuwa mikononi mwangu kwa sekunde moja naye hakupewa khabari.

Mwendo ule ulionitetemesha ndio ambao R1 huufikia katika gia ya kwanza. Kwa kilomita 200 kwa saa, sekunde moja ni zaidi ya mita 55, na kwa kuwa mwendo ukizidishwa mara mbili nguvu ya kuuzima huzidi mara nne, breki njema kuliko zote zisingemwokoa yule mzee. Watu wa hapa huvuka njia hiyo kwenda mashambani, huanika mpunga juu ya maturubali kandokando yake, na watoto wao huifuata kwenda shule. Hawakuingia katika mashindano yangu wala hawakuvaa suti ya ngozi.

Usiku ule nilimweleza mke wangu. Alinyamaza, kisha akasema alijua kuna jambo, kwani tangu mwezi huo nilikuwa nimeacha kutoka alfajiri. Hakuongeza neno, nami nilimshukuru kwa hilo.

Hata hivyo sikutaka kuamua kwa khofu peke yake, kwa sababu khofu husahaulika. Nilipanda matatu hadi Nairobi, na rafiki yangu akanichukua hadi uwanja wa Whistling Morans huko Athi River. Si Losail huo. Ni uwanja mfupi wenye kona zilizokaribiana, ufaao zaidi kwa vigari vya mbio. Nikaazimwa Yamaha R3 ya cc 321, yenye nguvu za farasi 42. Katika zamu ya kwanza nilipitwa na kila mtu, akiwamo binti mmoja ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanangu. Kijana mzoefu aliyekuwa akituelekeza aliniambia, "Mzee, unaangalia gurudumu. Angalia mahali unaenda." Miaka 20 nimeendesha pikipiki na hakuna aliyewahi kunisahihisha. Ilipofika adhuhuri vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa kushika breki, nami nilikuwa bado sijaitumia hata robo tatu ya nguvu za kile chombo kidogo. Mara moja tu, katika kona ya kushoto, niliinua macho kwa wakati wake, na pikipiki ikageuka yenyewe kama mashua iliyopata upepo. Nilicheka peke yangu ndani ya helmeti.

Basi nimeamua hivi. R1 sikuinunua. Huenda aishiye Johannesburg karibu na Kyalami, au ndugu zetu walioko Dubai karibu na Autodrome, wana hoja nisiyo nayo mimi. Wao wana uwanja mpana wa kulisha farasi 200. Mimi na rafiki yangu tumenunua kwa ushirika R3 iliyotumika. Hukaa kwake Athi River, haina taa, haina vioo wala bima ya barabarani. Naiendea kwa matatu, nikiwa na helmeti mapajani, na nikiondoka naiacha hukohuko. Sharti la mke wangu limetimia herufi kwa herufi, na nimegundua kwamba haliniumi.

Sehemu ya fedha iliyosalia nimeimwaga katika saruji. Nyuma ya kinu sasa ipo sakafu pana ya kuanikia mpunga, na wateja wangu hawana haja tena ya kutandika maturubali kando ya barabara.

Kijana msomaji, au mtu mzima mwenzangu mwenye picha katika simu, sikwambii usinunue. Mwombe akupendaye akuwekee sharti, kisha utazame moyo wako unavyolipokea.

Juma lililopita nilimwona tena yule mzee na ng'ombe wake. Nilikuwa nikitembea kwa miguu. Safari hii nilimwahi mimi kwa salamu.