Gayogayo wa Hori ya Tudor



Wasomaji wetu wapenzi, wengi wenu huipita Mishomoroni ndani ya matatu bila kukumbuka kuwa nyuma ya maduka na nyumba zake kuna maji. Ukivuka daraja la Nyali, ukapita Kongowea na kuingia Kisauni, kisha ukateremka kuelekea magharibi, utaikuta hori ya Tudor na mikoko yake, na ng'ambo ni upande wa Mikindani. Hatukukuta gati la meli huko. Wavuvi husimama ukingoni, juu ya mawe, wakatupa mishipi yao.

Tuliteremka siku za bamvua. Kalenda ya wavuvi ni ile ile tunayofungia Ramadhani: mwezi unapoandama, na tena unapotimia, maji hupwa sana kuelekea saa nne asubuhi, na hujaa kukaribia Alasiri. Baina ya siku hizo huja maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayarudi kwa nguvu. Mama anayeifuata tarehe ya mwezi anaweza kukisia ni lini bahari itapanda na lini itashuka, hata kama hajatoka jikoni.

Samaki tuliyemfuata ni gayogayo, ambaye wengine humwita wayo kwa kuwa amelala bapa kama wayo wa mguu. Anapoanguliwa huwa kama samaki wengine, jicho moja kila upande. Akikua, jicho moja huhama taratibu likavuka kichwa na kukaa pamoja na mwenzake, naye hulala ubavu mchangani. Upande wa juu hujigeuza rangi ukafanana na mchanga. Wa chini hubaki mweupe. Subhanallah! Waarabu humwita samaki wa Musa, na wako wanaosimulia kwamba alipasuliwa nusu bahari ilipopasuka. Hicho ni kisa cha watu, hakina sanadi. Lililothibiti ni la ajabu vile vile: Eugenie Clark, mtaalamu wa bahari kutoka Marekani, alimchunguza mmoja wa jamii hii katika Bahari ya Shamu miaka ya 1970, akamkuta anatoa ute mweupe kama maziwa unaomfanya papa ashindwe kufunga kinywa.

Kumvua kunataka subira. Chubwi huachwa ifike chini kabisa, ndoana iwe ndogo, chambo kiwe kipande cha kamba, na mshipi uvutwe polepole ili chambo kitambae juu ya mchanga. "Sheikh, huyu usimkimbilie," alituambia mzee mmoja, "mwache ameze." Tulimwacha ameze. Akapanda mmoja, mpana kama kiganja cha mtu mzima.

Mawindo ya bahari tumehalalishiwa katika Suratul-Maida, aya ya 96, na samaki hahitaji kuchinjwa. Lakini uhalali wa samaki hauhalalishi kila njia ya kumpata. Tuliona wavulana wakikokota chandarua cha mbu penye maji haba, na ndani yake vichanga vya samaki visivyotosha hata kijiko. Maji hayo ya matopeni, baina ya mizizi ya mikoko, ndiyo malezi ya samaki wengi. Anayekata mkoko kwa kuni, anayeelekeza maji ya choo horini na anayekokota chandarua, wote watatu wanakula akiba ya mayatima wa mtaa ule ule. Kwa maoni yetu huo ni ufisadi katika ardhi, na tuliwaambia wavulana hivyo kwa upole. Wawili walikunja chandarua. Wa tatu alituuliza watakula nini usiku. Tuliwapa gayogayo wetu, na mzee akawakatia kipande cha mshipi na ndoana mbili.

Kwa akina mama watakaompata sokoni: chuneni ngozi ya juu, ile nyeusi, kuanzia mkiani, nyeupe iacheni. Chumvi, ndimu na pilipili manga vyatosha, kisha mafuta yawe moto kweli, kwani nyama yake ni laini na huvunjika upesi.