Kutafuta Kazi ya Uuguzi Mbali na Kampala

Mhariri wa gazeti letu ameniandikia kuniomba habari za kazi yangu, kwani, asema, wako vijana kadhaa wa darasa la nne na la sita wanaotaka kusomea uuguzi, na swali lao la kwanza ni hili: kazi hupatikana? Nimelifurahia swali hilo, maana siku zetu hatukuuliza. Jibu langu ni kwamba hupatikana, lakini si upesi, na aghalabu si Kampala.

Mimi nilimaliza diploma ya uuguzi mwaka 2017, baada ya masomo ya miaka mitatu. Matokeo ya Bodi ya Mitihani yalipotoka nilikwenda kwenye Baraza la Wauguzi na Wakunga kuandikishwa na kuomba leseni, maana bila leseni hakuna mwajiri halali atakayekupokea. Nikadhani sasa njia ni nyeupe. Nilikaa kwa shangazi yangu Kampala muda wa miezi minane, nikizunguka na bahasha ya vyeti kwapani kama mwuza magazeti. Kila hospitali ilitaka mtu mwenye uzoefu wa miaka miwili. Lakini uzoefu huo mtu ataupata wapi, ikiwa kila mlango wautaka kwanza? Zahanati moja ya mtu binafsi ilinitaka nifanye kazi miezi mitatu bila mshahara, eti nizoee mazingira. Nilimwuliza mwenyewe kama wagonjwa nao watatibiwa bure miezi hiyo mitatu. Mazungumzo yetu yakaishia hapo.

Msongamano huo una sababu. Karibu kila anayehitimu ataka kubaki Kampala, karibu na Mulago, hospitali ambayo jengo lake kubwa lilifunguliwa mwaka 1962, mwaka wa Uhuru. Hapo wako mabingwa, viko vyuo, na jioni kuna umeme na marafiki. Nami nilitaka hivyo hivyo, wala siwalaumu wanaotaka.

Sasa nieleze namna kazi za nje ya mji zinavyopatikana, kwani jambo hili hatukufundishwa chuoni. Hospitali kubwa za rufaa huajiri kwa njia ya Tume ya Utumishi wa Afya. Lakini vituo vya afya na hospitali za wilaya vina mpango mwingine: kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997, kila wilaya ina Tume yake ya Utumishi, nayo ndiyo inayoajiri. Tangazo hutokea gazetini na kwenye ubao wa makao makuu ya wilaya. Fomu hujazwa nakala tatu. Majina ya wanaoitwa kwenye usaili hubandikwa ubaoni pale pale, na mtu aliye Kampala, asipokuwa na ndugu wa kumpigia simu, huenda akapata habari usaili umekwisha. Zaidi ya serikali wako wenye dini. Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu wana ofisi zao za utabibu zinazosimamia hospitali na vituo vingi, hasa vijijini. Hawa unaweza kuwaandikia moja kwa moja. Niliandika barua saba. Majibu yalikuwa mawili, moja la kukataa kwa adabu, na moja likisema, "Njoo mwanzo wa mwezi."

Kituo chenyewe kiko West Nile, upande wa mpaka wa Kongo. Mama aliposikia alikaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, huko ndiko kwenye vita." Nilimweleza kwamba mapatano ya mwisho na waasi wa huko yalitiwa sahihi Yumbe mwezi wa Desemba mwaka 2002, nami wakati huo nilikuwa bado mtoto mdogo. Hakusadiki sana, lakini alinifungia karanga za njiani.

Kutoka Kampala mpaka Arua ni kama kilomita 500. Basi lilivuka Mto Nile pale Karuma, mahali ambapo nyani hukaa kando ya barabara wakingoja ndizi za abiria, likauvuka mara ya pili Pakwach. Toka Arua nilipanda pikipiki na sanduku langu mapajani. Nilipewa chumba kimoja katika nyumba ya watumishi, maji ya pampu, na sahani ya enyasa, ugali wao mweusi wa muhogo na mtama. Mimi niliyelelewa kwa ndizi nilihitaji majuma mawili kuuzoea. Leo nikikosa huona sijala.

Kituo chetu ni cha daraja la tatu. Maana yake, kina tabibu mmoja, wauguzi, mkunga, maabara ndogo na wodi ya wazazi, lakini hakina daktari wala chumba cha upasuaji. Hivyo viko daraja la nne, na la nne letu liko mbali, ng'ambo ya kijito ambacho mvua ikinyesha hujifanya mto. Kando ya kijito hicho mtaona vitambaa vidogo vya buluu vimesimamishwa kwa vijiti. Mgeni hudhani ni bendera, kumbe ni mitego ya mbung'o waletao malale.

Lugha ilinisumbua kuliko yote. Nilijua kusema "Mi ngoni?" yaani hujambo, na "muke," yaani vizuri, na kwa maneno mawili hayo huwezi kumwuliza mtu tumbo limemwanza lini. Kiingereza ni cha wachache. Kilichoniokoa ni Kiswahili tulichofundishwa shuleni kwetu, somo ambalo wengi tulilidharau! Walugbara wako pande zote mbili za mpaka, na wafanyabiashara wao, askari wastaafu na wagonjwa wanaovuka kutoka Kongo hujua Kiswahili au Kilingala. Mzee mmoja aliyewahi kuwa askari alikuwa mkalimani wangu wa miezi ya kwanza, kwa malipo ya chai.

Jambo la pili ni kwamba mimi ni mwanamume. Kwa malaria na vidonda hakuna aliyejali. Lakini uzazi ni mambo ya wanawake, nami nilikuwa nikipita mbali na wodi ile, mpaka mwezi wangu wa tano. Mkunga wetu alikuwa amekwenda mazishini, tabibu yuko semina, mvua inanyesha. Saa tano usiku aliletwa mama wa mtoto wa tano. Mama mkwe wake aliponiona alisema kwa Kiswahili cha kunitosha, "Huyu ni mvulana. Mwanamke yuko wapi?" Nikamjibu, "Mama, usiku huu niko mimi tu. Tafadhali nishikie taa."

Mtoto alizaliwa salama, akalia. Nikamchoma mama sindano ya oksitosini ya paja, kondo likatoka zima. Kisha damu ikaanza, na haikukoma. Vijana mtakaosoma kazi hii, jueni kwamba mama aweza kufa kwa damu hiyo kabla maji ya chai hayajachemka mara mbili. Nilimtoa mkojo, nikausugua mji wa mimba kwa nguvu juu ya tumbo, damu bado. Oksitosini hukaa kwenye baridi, na friji yetu ni ya nguvu za jua. Sikuwa na hakika jinsi siku tatu za mawingu zilivyoitendea dawa ile. Lakini vilikuwapo vidonge vya misoprostoli, ambavyo havihitaji baridi. Nikampa vinne chini ya ulimi. Nikamfundisha mama mkwe namna ya kusugua tumbo ili mikono yangu ipate kumtia maji ya mshipani na kupiga simu. Hakusema tena habari ya mvulana. Tulifanya kazi sisi wawili mpaka saa tisa, damu ikapungua, ikawa ya kawaida. Gari la wagonjwa lilivuka kijito saa kumi na moja alfajiri. Huko mbele mama alitiwa damu, akarudi nyumbani siku ya sita.

Kama ningalikuwa Mulago usiku ule, ningalikuwa nimesimama nyuma ya watu sita, nimeshika sinia. Nasema hivyo bila majivuno, maana kuna upande mwingine wa habari. Sikuwa na mtu wa kumwuliza. Si haki kwa mama yule kwamba maisha yake yalimtegemea kijana wa miezi mitano kazini na friji ya mawingu. Wanaosema kijijini ndiko mtu akomaapo, na waseme pia ni kwa gharama ya nani.

Tena mshahara. Vituo vya dini hulipa kidogo kuliko serikali, na serikali ilipopandisha mishahara ya watumishi wa sayansi mwaka 2022, tofauti ilizidi. Wenzangu wawili waliondoka mwaka ule ule, na zamu za usiku tukagawana tuliobaki. Mimi nami nimejaza fomu za wilaya, nakala tatu, na jina langu liko ubaoni. Usaili ni mwezi ujao. Nikipata, nitahamia kituo cha serikali papa hapa West Nile. Mkunga wetu nimekwisha mwambia. Alinitazama tu, akaendelea kukunja shuka.

Kwa hiyo huenda nafasi moja ikawa wazi. Anayemaliza mwaka huu na aandike mapema, kwa mkono safi, aambatanishe nakala ya leseni, wala asingoje tangazo la gazeti. Aje na tochi ya kichwani, viatu vya mpira vya kuvukia kijito, na kamusi ya Kiswahili. Mzee wa chai bado yupo.