Chini ya Mlima wa Mungu ardhi bado inaumbwa

Msafiri atokaye Arusha kuelekea magharibi, afikapo Mto wa Mbu, mji wa ndizi na mpunga, kwa kawaida hunyoosha njia, akapanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Karatu na Ngorongoro. Ni wachache wanaokata kulia kabla ya kuupanda ukuta huo na kushika barabara ya kaskazini, yenye vumbi linaloingia hata katika gari lililofungwa vioo. Wachache hao ndio wanaokwenda kuiona nchi ambayo, kwa maoni yangu, ni darasa kubwa kuliko yote tuliyo nayo la elimu ya ardhi.

Njia hupita Engaruka, yalipo magofu ya mitaro na kuta za mawe za wakulima waliomwagilia mashamba hapo karne kadhaa zilizopita. Magofu hayo yanastahili makala yake yenyewe. Baada ya hapo miti hupungua na joto huzidi, na upande wa kushoto ukuta wa bonde husimama wima kama ngome. Kisha, bila vilima vya kuutangulia, mlima mmoja hujitokeza mfano wa pia iliyopinduliwa, kilele chake kikiwa cheupe. Mgeni hudhani ni theluji. La hasha! Huo ndio Ol Doinyo Lengai, maana yake kwa Kimasai ni Mlima wa Mungu, wenye kimo cha karibu mita 3,000. Na weupe ule ni zaha iliyopoa.

Hebu tuitazame zaha hiyo, kwani hakuna volkano nyingine duniani iliyo hai inayoitoa. Volkano za kwingineko hutapika mawe yaliyoyeyuka kwa joto linalozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi. Ya Lengai hutoka kwa joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, nyepesi kama maji, nyeusi kama oili chafu inayomwagwa gereji. Mwaka 1960 mjiolojia Mwingereza, J. B. Dawson, aliingia katika kreta akachukua sampuli, na miaka miwili baadaye akautangazia ulimwengu kwamba zaha ile kwa sehemu kubwa ni kaboneti ya sodiamu. Kwa lugha ya jikoni, ni ndugu wa magadi. Naam, yale yale ambayo mama huyatia katika chungu cha maharage makavu ili yaive upesi! Ikipata unyevu wa hewa, zaha hiyo nyeusi hugeuka nyeupe katika muda wa saa au siku chache. Mvua nayo huyeyusha magadi ya mlimani na kuyateremsha bondeni, hadi Ziwa Natron, ambako heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana kwa wingi kuliko mahali pengine popote.

Mlima huu hauishi peke yake. Mashariki ya ziwa umesimama mlima Gelai, volkano iliyolala ambayo watu walikuwa wamezoea kuihesabu kuwa imekufa. Katikati ya Julai 2007 ardhi chini ya Gelai ilianza kutetemeka mfululizo, siku baada ya siku. Tetemeko kubwa kuliko yote lilitokea tarehe 17 Julai, likiwa na ukubwa wa 5.9, nalo liliwatoa wafanyakazi maofisini hadi Nairobi. Watafiti walipolinganisha picha za rada za satelaiti zilizopigwa kabla na baada, waliona jambo ambalo jicho la mchungaji lisingeweza kuliona lote kwa mara moja. Magma ilikuwa imejipenyeza chini ya Gelai katika ufa wenye urefu wa kilomita kadhaa, ikaipanua miamba kwa kiasi kilichofikia mita 2 hivi, wala isifike juu. Ardhi iliyo juu ya ufa huo ikapasuka na kudidimia kwa makumi ya sentimita. Bonde la Ufa, ambalo mashuleni tulifundishwa kwamba hupanuka kwa milimita chache kila mwaka, hapo lilifanya kazi ya mamia ya miaka katika majuma machache.

Mapema Septemba mwaka huo huo Lengai ukalipuka. Haikuwa tena zaha ya taratibu ya tangu mwaka 1983, bali majivu yaliyorushwa juu angani kwa vipindi hadi mwaka 2008. Malisho yakafunikwa, na wafugaji wakalazimika kuihamisha mifugo yao. Kreta iliyokuwa imejaa hata kufurika ikageuka shimo lenye kina kinachozidi mita 100.

Nataka msomaji wa mjini aishike ile namba ya 5.9. Tarehe 10 Septemba 2016, siku ya Jumamosi mchana, tetemeko lenye ukubwa huo huo liliipiga Kagera. Watu 17 walifariki, mamia wakajeruhiwa, maelfu ya nyumba zikaharibika, na Shule ya Sekondari ya Ihungo ikabomoka vibaya. Kwa nini Gelai pasiwe na maafa ya namna hiyo? Wakazi wa kule ni wachache, na nyumba ya boma la Kimasai ni ya fito na samadi. Hunesa, haimwangukii mtu kama tofali. Bukoba ni mji, na kuta zake ni za matofali, nyingi zikiwa hazina nondo wala lenta ya kuzifunga pamoja. Tetemeko lilikuta ukuta mzito usioshikamana. Ni jambo la fundi, la mchanga na saruji na nondo, nalo lamhusu kila anayejenga chumba cha kupangisha Mbeya, Dodoma au Arusha, maana miji yote hiyo imo ndani ya Bonde la Ufa au kandokando yake.

Ndiyo maana wanafunzi wa shahada za juu wanaokuja huku na masanduku ya vipimo hawanichekeshi. Mmoja wao, Hyunwoo Lee wa Chuo Kikuu cha New Mexico, alipita na wenzake katika nyufa za bonde la Natron na la Magadi upande wa Kenya, wakifunika ardhi kwa vyombo ili kupima hewa ya ukaa inayovuja. Mwaka 2016 walieleza kwamba eneo hilo hutoa tani kiasi cha milioni 4 za hewa hiyo kila mwaka, sehemu kubwa ikipitia katika nyufa zenyewe, mbali na midomo ya volkano. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Ardhi cha Dar es Salaam, kikishirikiana na Virginia Tech ya Marekani, kilianza kuweka kuuzunguka Lengai vipokezi vya satelaiti vinavyopima mwendo wa ardhi kwa milimita. Picha za rada nazo zimeonyesha kwamba kati ya mwaka 2013 na 2023 sehemu ya kilele ilikuwa ikizama kwa zaidi ya sentimita 3 kila mwaka.

Kasoro moja nitaisema bila kuficha. Matokeo ya kazi hizi huchapishwa kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mwenye boma la Engare Sero hatayaona kamwe. Ardhi iliyopimwa ni ya kwake, na ng'ombe watakaohamishwa ni wa kwake. Kurasa mbili za Kiswahili, na za Kimasai pia, zikibandikwa katika ofisi ya kijiji, zingegharimu kiasi gani?

Katika kijiji hicho hicho, kando ya ziwa, zipo nyayo za binadamu zaidi ya 400 zilizogandishwa katika matope ya majivu ya volkano. Mmasai mkazi wa hapo ndiye aliyezigundua kabla ya wataalamu kufika. Umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka 5,000 na ushei na miaka 19,000. Watu 17 kati yao walikuwa wakitembea pamoja kuelekea kusini-magharibi, na watafiti waliopima urefu wa nyayo wanaona kwamba wengi wao walikuwa wanawake. Matope yalikuwa bado laini walipopita, na alama za vidole vya miguu zaonekana hadi leo.