Kaka Aliyetupwa Matopeni

Kwetu Mombasa, mwanamke akisifiwa kweli huambiwa uso wake ni mwezi wa kumi na nne. Sifa hiyo niliipeleka hadi Kitale, nikaitaja kibandani nikinywa chai ya maziwa yenye tangawizi. Mzee mmoja wa Kibukusu akacheka, akaweka kikombe chini.

“Mwezi? Yeye si alishindwa, mwanangu.”

Alisema *yeye*, *alishindwa*, kama anayemtaja jirani. Mwezi na Jua walikuwa ndugu, na Mwezi ndiye mkubwa, ndiye aliyeng’aa zaidi. Mdogo mtu akaona wivu, wakashikana mieleka. Kwanza Jua aliangushwa, akaomba radhi, akaachiwa. Waliporudiana, alimtupa kaka yake matopeni, na matope hayo hayajamtoka mpaka leo. Ndipo Mungu, ambaye Wabukusu humwita Wele, akawatenga: huyu mchana, yule usiku.

Matatu ya kwenda Bungoma ilipita Kiminini na Kamukuywa, mahindi huku na huku, mlima upande wa kulia umejitanda mawingu. Ramani inauita Elgon, jina linalosemekana kutoka kwa Wamaasai, waliouona kama titi. Wabukusu huuita Masaba, na ndugu zao wa ng’ambo, Uganda, ndio Wamasaba. Mita 4,321, na una watu wake.

Hapo nikamkumbuka Kalidasa, mshairi wa Kisanskriti. Katika *Meghaduta*, mume aliyefukuzwa kwao analituma wingu limpelekee mkewe salamu. Likitua juu ya mlima Amrakuta, mlima huonekana kama titi la dunia. Katika *Kumarasambhava*, Himalaya ni mzee mwenye binti wa kuozesha, Parvati. Na katika hadithi za huko kwa Kalidasa, Mwezi ana wake ishirini na saba. Alimpendelea mmoja, Rohini, basi mkwewe akamlaani akonde. Kumbe hata huko si uso tu. Ana makosa yake ya nyumbani.

Sisi wa pwani tunafananisha, kisha tunaishia hapo. Pepo za kaskazi na kusi tunazipa majina, tunazingoja kama wageni, lakini sijasikia mtu akiuliza kusi ni mtoto wa nani.

Usiku ule, Bungoma, Mwezi alitoka saa moja na nusu, mzima, na madoa yake yote.