Cheti Bila Cherehani



Mnaonijua kwa magauni ya maharusi huenda hamjui kwamba kwetu ni Nyantakara, Biharamulo, mkoani Kagera. Nilipomaliza kozi ya ushonaji, cheti kilikaa sandukuni miaka miwili. Sikuwa na cherehani, nikarudi kulima. Mwishowe shangazi aliniazima chake, na mteja wangu wa kwanza akawa yeye mwenyewe.

Ndiyo maana nikisikia mradi wa kuwafunza vijana, huuliza: wakimaliza, watashonea nini?

Huko Bara, sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba, alhamdulillah. Lakini wanawake na vijana hukopeshwa kwa kikundi chenye katiba na usajili, na binti wa kijijini hajui aanzie wapi.

Nilipokwenda nyumbani baada ya Idi, nilikaa na mabinti watano tukaandika katiba yao. Mkopo bado. Nikawaachia cherehani changu cha kwanza.

Dada, chako kilichokaa uvunguni kinamngoja nani?