Namwamkia shikamoo, kisha nampangia kazi

Likizo yangu ya uzazi ilikuwa siku 84, kama sheria inavyosema. Ilipoisha, nilimwachia mwanangu msaidizi wa kazi, mama wa miaka 56. Mimi nina 29. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba, kisha namwambia la kufanya.

Kwa umri yeye ni mama yangu. Kwa kazi mimi ni bosi wake. Kila mmoja ana neno la kumnyamazisha mwenzake. Lake ni "nimelea watoto watano wewe hujazaliwa." Langu ni "mimi ndiye ninayekulipa."

Jioni moja nilikuta bakuli la uji mwepesi kando ya mtoto. Alikuwa na miezi minne.

"Mama, kliniki wamesema maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita."

"Mtoto analia njaa, mwanangu. Wangu wote walikunywa uji, na wote wazima."

Neno langu lilinifika mdomoni. Nililimeza, kwa sababu lingemnyamazisha tu, na uji ungeendelea kwa siri.

Kliniki iliyofuata tulikwenda wote watatu. Muuguzi alimgeukia yeye: "Bibi, huwa analia saa ngapi?" Wakaongea kirefu. Kumbe maziwa niliyokuwa nakamua yalikuwa yanaisha saa nane mchana, nami narudi saa kumi na mbili. Njaa aliyoiona mama ilikuwa ya kweli. Dawa yake ndiyo haikuwa uji.

Nikaanza kukamua mara moja zaidi. Maziwa hukaa hadi siku 4 kwenye friji, na saa 4 tu nje yake. Kazini niliomba muda wa kunyonyesha, ambao sheria inaruhusu hadi saa 2 kwa siku, nikawa nawahi kurudi. Uji ulisubiri miezi sita.

Wazazi wenzangu, umri wa msaidizi wako usikuzibe mdomo, wala mshahara unaomlipa usimzibe wake. Anayeshinda na mtoto wako akiogopa kusema, wewe ndiye utakayekosa habari za mtoto.

Juzi mama aliniuliza, "Mwanangu, na mimi likizo yangu lini?" Sheria inampa siku 28 kwa mwaka. Tukaishusha kalenda ukutani, tukaanza kuhesabu.