Wasee, Msinitumie Tena Story ya Tony Iommi

Kila nikiweka klipu nikipiga gitaa, lazima mtu mmoja ataona vidole vyangu na kuniandikia, "Buda, unajua story ya Tony Iommi?" Naijua. Nimetumiwa hiyo story hadi na mwalimu wangu wa zamani wa Kemia.

Kwa wale hawaijui, nitaipitia haraka. Iommi ni yule mpiga gitaa wa Black Sabbath, kutoka Birmingham, Uingereza. Akiwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini kwa kiwanda cha mabati, mashine ilimkata ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete. Bosi wake akamletea rekodi ya Django Reinhardt, ambaye moto wa 1928 ulimharibia vidole viwili vya mkono wa kushoto na bado alikuwa anacheza kuliko wengi wenye vitano. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyembamba, na zingine ni historia.

Story iko poa sana. Shida ni kwamba ilinipotezea karibu mwaka mzima.

Mimi nilikatwa vidole vilevile viwili, Desemba 2022, kwa Shosho kule Subukia. Kama umekulia town pengine hujaiona ile mashine ya kukatakata nepia ya ng'ombe. Unasukuma majani upande mmoja, visu vinazunguka, upande wa pili chakula kinatoka kimekatika vipande vidogo. Majani yakikwama unafaa kuzima injini kwanza. Mimi nilisukuma na mkono kwa sababu nilikuwa naharakisha nikapate matatu ya kurudi Nakuru, nilikuwa na mazoezi ya bendi ya kanisa jioni. Sikusikia uchungu mara moja. Nilisikia mashine imebadilisha sauti.

Niseme hili kwa sababu Bahati, Njoro, Molo, kote huko hizi mashine ziko: tumia kijiti, usitumie mkono. Na kidole kikikatika, kipande kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo, kitiwe ndani ya karatasi ya plastiki isiyovuja, halafu hiyo karatasi ndiyo iwekwe juu ya barafu. Kisiguse barafu chenyewe. Sisi hatukujua. Tulifika hospitali na mimi tu, vipande vilibaki kwenye nepia, na kuna kuku pale nyumbani ambao hadi leo siwezi kuwala.

Sasa, gitaa. Mkono wangu wa kushoto ndio ulikuwa wa kubana nyuzi kwenye shingo, na hapo ndipo vidole vya kati na cha pete hufanya kazi ngumu. Vidonda vilipona kufikia Machi, lakini ncha zenyewe zilibaki na mishipa imekasirika. Kugusa uzi wa chuma ilikuwa kama kushika waya wa stima. Nikafuata Iommi. Nilijaribu kifuniko cha dawa ya meno, kidole cha glavu ya mpira kilichojazwa pamba, hata chupa ya plastiki nikaiyeyusha nikachoma sufuria ya Mathe. Zote ziliteleza.

Ilinichukua muda kuona kosa. Iommi alikuwa na gitaa la umeme, nyuzi laini, na spika zenye nguvu za kufanya mguso mdogo usikike hadi nyuma ya ukumbi. Mimi nina gitaa la mbao ambalo sauti yake yote inatoka kwa vidole vyangu. Suluhisho lake lilikuwa la muziki wake.

Aliyenisaidia ni jirani yetu hapa Free Area, mzee wa kutoka Butere aliyekuwa fundi wa redio. Siku moja aliniona nikihangaika kwa ngazi akaniuliza, "Kijana, mkono mzima ni upi?" Nikamwonyesha wa kulia. Akasema, "Basi huo ndio ubane."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alinisikilizisha George Mukabi na mtindo wa omutibo, ule wa magharibi ya Kenya ambao ngoma yake ni chupa ya Fanta inayokwaruzwa. Kisha Jean-Bosco Mwenda, Mkongo aliyeimba kwa Kiswahili na kurekodiwa na Hugh Tracey mwaka wa 1952. Unaposikiliza unaapa ni magitaa mawili. Mwenda alikuwa anakwanyua na gumba na kidole cha shahada tu. Viwili! Na mimi hivyo viwili vya kushoto ninavyo, vizima kabisa.

Kwa hivyo nikageuza gitaa.

Inaonekana rahisi hadi ujaribu. Ukipanga nyuzi upya, nene haziingii kwa mifereji ya nyuzi nyembamba pale juu shingoni, kwa hivyo fundi mmoja hapa town alinichongea kipande kingine kwa mfupa wa ng'ombe. Kile kipande cha chini kimekaa mshazari, na sasa mshazari wake uko kinyume, kwa hivyo ukipanda juu sana kwenye shingo sauti inapotea kidogo. Nimezoea. Kubwa zaidi ni mkono wa kulia, ambao kwa miaka minne ulikuwa nyota na sasa hauwezi kubana G bila kunguruma. Kanisani nilihamishwa nikawa wa kukunja nyaya. Vijana niliowafundisha mimi walikuwa juu jukwaani, na kuna Jumapili nilijificha chooni wakati wa sifa. Iommi mwenyewe amewahi kusema kwamba labda angegeuza gitaa, ila wakati huo aliona ameshacheza miaka mingi, kumbe ilikuwa michache tu. Hiyo sehemu ya story hakuna mtu hunitumia.

Nilichoshindwa zaidi ni Shosho. Mimi nina jina la guka, kwa hivyo yeye huniita "mume wangu". Aliuza hiyo mashine wiki ileile. Kila akipiga simu aliuliza, "Mume wangu, bado unapiga gitaa?" Nami nikamjibu "Napiga vizuri, Shosho" kwa mwaka mzima, huku gitaa liko chini ya kitanda.

Aprili iliyopita nilibeba gitaa nikaenda Subukia. Alikuwa nje anaambua maharagwe. Nikaketi kwa jiwe nikacheza wimbo mmoja wa kitabu cha nyimbo, polepole, nikikosea mara mbili hivi.

"Umeligeuza," akasema.

"Ndiyo, Shosho."

"Na hapo panauma?"

"Kukiwa na baridi, panauma."

Akatazama ile sehemu ya boma ambapo mashine ilikuwa, sasa kuna sukuma wiki. Kisha akarudi kwa maharagwe yake. "Rudia," akasema, "na safari hii usikosee pale katikati."